Nilipanga chumba kwa sababu ya dirisha

Januari 2019 nilishuka bandarini Malindi, Unguja, na begi moja, udi (ile ala ya nyuzi ya taarabu) ndani ya mfuko wa kitambaa, na shilingi milioni tatu na laki mbili. Fedha hizo nilizikusanya kwa miaka miwili Mwanza, nikifundisha kwaya na kupiga gitaa kwenye harusi. Nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma udi Dhow Countries Music Academy, chuo kilichoanza mwaka 2002 ndani ya jengo la Forodha ya zamani pale Mizingani, uso kwa uso na bahari. Nilitaka kusoma taarabu mahali ilipokulia, na nilitaka kuishi humohumo Mji Mkongwe, siyo kulala Ng'ambo, mitaa ya nje yake, na kuja mjini kila asubuhi kwa daladala.

Tangu wakati huo vijana wengi wa bara wameniuliza habari za kuhamia huku. Kuna wachoraji, wapiga picha, wapiga ala, na juzi binti mmoja anayeshona mikoba ya ukili. Wote huanza na swali moja: chumba ni shilingi ngapi? Mimi pia nilianza na swali hilo, na ndiyo maana katika miezi sita ya kwanza nilipoteza fedha nyingi na nusura nipoteze udi wangu. Naandika yote kama yalivyokuwa, pamoja na yale ninayoyaonea aibu.

Siku ya tatu nilikutana na dalali. Alinionyesha vyumba viwili vya giza, kisha akanipandisha ngazi za nyumba moja Kiponda mpaka ghorofa ya pili. Alifungua mlango, akapita moja kwa moja hadi dirishani, akasukuma mbao zile mbili za kijani. Kati ya mapaa mawili ya mabati palionekana kipande cha bahari, na jahazi likipita na tanga lake. Upepo wa kaskazi ukaingia chumbani kote. Kuta zilikuwa nyeupe, rangi mpya bado inanukia. Nilisimama pale dirishani labda dakika kumi. Ukuta sikuugeukia hata mara moja.

Kodi ilikuwa 250,000 kwa mwezi, na mwenye chumba alitaka ya miezi sita mbele, yaani milioni moja na nusu. Juu yake alitaka kilemba cha laki tano. Kwa asiyelijua neno hili, kilemba ni fedha anayopewa mpangaji anayetoka ili akuachie nafasi yake. Hairudi. Dalali alichukua kodi ya mwezi mmoja. Jumla milioni mbili na laki mbili na nusu, siku moja, kwa karatasi ya daftari iliyoandikwa kwa mkono na kutiwa saini na watu watatu. Yule aliyepokea kilemba nilimchukulia kuwa ndiye mwenye nyumba. Hakusema kwamba ni yeye, wala sikumuuliza. Nilibaki na shilingi laki tisa na nusu na mwaka mzima wa masomo mbele yangu.

Wiki za kwanza zilikuwa na raha ambayo siwezi kuificha. Asubuhi darasani, mchana nikitembea. Nawashauri wageni wote: wiki ya kwanza wekeni simu mfukoni mpotee. Vichochoro vya Mji Mkongwe vimepinda na vimebanana, jua haliingii mpaka saa sita, na ramani ya simu inakuzungusha pale pale. Lakini mji wenyewe ni mdogo. Tembea mpaka uchoke, utatokea ama Mizingani kwenye bahari, ama Forodhani, ama Darajani sokoni, na ukishatokea unajua uko wapi. Mimi nilijifunza njia kwa masikio na pua. Palipo na nyundo ni wachonga milango, harufu ya samaki maana yake nakaribia Malindi, na vyombo vikianza kujaribiwa saa za jioni najua niko karibu na Vuga, kwenye klabu ya Culture, kikundi cha taarabu kilichoanza mwaka 1958. Nilikuwa nasimama nje nikisikiliza fidla zikitafutana. Jioni ya tatu mzee mmoja alitoka akasema, "Mbona unasimama kama mdeni? Ingia ukae." Nikaingia, nikakaa nyuma, nikanyamaza. Nilipata mengi pale kuliko kwenye tamasha lolote nililolipia kiingilio.

Matamasha nayo yana faida zake. Februari ile niliona Sauti za Busara kwa mara ya kwanza, ndani ya Ngome Kongwe, kuta za Waarabu wa Omani za tangu mwishoni mwa karne ya 17 zikitetemeka kwa besi. Tamasha hilo limekuwepo tangu 2004, na lile la filamu la majahazi, ZIFF, tangu 1998. Watanzania wana kiingilio nafuu, kwa hiyo beba kitambulisho. Usitafute chumba cha kuishi wiki hizo, maana kila mwenye nafasi anamngoja mgeni wa kulipa kwa usiku mmoja, na bei utakayotajiwa si bei ya mji.

Chakula pia kina bei mbili. Forodhani jioni ni pazuri kwelikweli. Bustani ilitengenezwa upya ikafunguliwa 2009, na vijana wanajirusha baharini kutoka ukutani mpaka magharibi inaingia. Lakini uliza bei kabla sahani haijajazwa. Nilikula mishkaki na pweza usiku mmoja nikalipa chakula cha siku nne. Urojo wa bei ya wenyeji unaukuta ndani, milangoni mwa nyumba za watu, kwenye ndoo na bakuli za plastiki. Na sokoni Darajani jifunze majina: nyanya hapa ni tungule, viazi mviringo ni mbatata, na ukisema "viazi" utapewa vitamu. Umeme wa kulipia kabla wanauita tukuza, siyo luku. Mambo madogo haya, lakini muuzaji akisikia umesema tungule, uso wake unafunguka.

Ng'ambo ya kichochoro, dirisha likitazamana na langu, aliishi bibi mmoja wa miaka sabini na kitu. Nitamwita Bi Mkubwa, kama ninavyomwita mpaka leo. Miguu ilikuwa inamsumbua, hakuwa akishuka ngazi mara kwa mara, lakini hakikumpita kitu. Kila asubuhi aliteremsha kikapu cha ukili kwa kamba ya katani, ndani yake noti imefungwa kwenye kitambaa, na muuza boflo akapokea fedha, akaweka mikate miwili, akavuta kamba kumjulisha. Kikapu kikapanda polepole, kikigongagonga ukuta. Siku za mwanzo nilimpiga picha akifanya hivyo bila kumwambia. Alinitazama, akafunga dirisha. Hakulifungua tena siku mbili.

Nilikwenda kupiga hodi na mkate wa kumimina nilioununua. Nikamwamkia, nikasema nimekuja kuomba radhi. Alinikaribisha, akanimiminia chai, akaniuliza ukoo wangu mpaka babu. Kisha akaniuliza nani kanipangisha. Nilipomtaja aliweka kikombe chini.

"Hukumuuliza mtu, mwanangu?"

"Nilimuuliza dalali, Bi Mkubwa."

"Dalali!" Akanyamaza kidogo. "Nyumba ya kukaa haulizwi dalali. Inaulizwa baraza. Wale wazee wanaokunywa kahawa pale chini wanajua kila nyumba ina wenyewe wepi. Ungepita tu ukawaamkia."

Hakuniambia zaidi siku ile. Nadhani hakutaka kunitisha. Mimi nikarudi chumbani nikaendelea na mazoezi ya bashrafu, ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarabu, sikulifuatilia neno lake. Hilo ndilo kosa langu kubwa kuliko yote, kubwa kuliko kilemba, kwa sababu ule ulikuwa bado mwezi wa pili na mambo yangeweza kurekebishika.

Machi mwishoni masika yakaanza.

Nimekulia kando ya ziwa. Nilidhani najua kuishi na maji. Lakini maji ya ziwa yakikauka hayaachi kitu, ya bahari yakikauka yanaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu tena hata siku isiyo na mvua. Wiki ya pili ya mvua ile rangi nyeupe ya ukutani ilianza kufura. Yalitokea malengelenge, mengine ukubwa wa kiganja. Niliyabonyeza yakapasuka, na ndani mlikuwa na ungaunga mweupe, laini kama wanga, wenye ladha ya chumvi. Nyuma ya ungaunga ule palikuwa na saruji ya kijivu, na nyuma ya saruji, nilipochokonoa kwa kijiko, jiwe la matumbawe lililolowa chapachapa. Kwenye dari, pale boriti inapoingia ukutani, palikuwa na duara jeusi linaloongezeka kila asubuhi.

Udi nilikuwa nimeutundika kwenye ukuta uleule, upande wa nje, kwa sababu ulipendeza ukiwa karibu na dirisha.

Usiku wa tarehe 19 Aprili nilisikia mlio mmoja mkavu, kama kijiti kinavunjwa. Asubuhi niliukuta uso wa udi umepasuka kutoka kwenye tundu kubwa mpaka karibu na kitako, ufa mwembamba ulionyooka ukifuata uzi wa mbao, na daraja linaloshika nyuzi limeinuka upande mmoja kiasi cha kupitisha ukucha. Nilikaa sakafuni nao mapajani. Sikulia mpaka mwalimu wangu aliponiuliza darasani, "Umeuweka wapi?" Hapo nikashindwa kujibu.

Mzee anayetengeneza udi na fidla aliniambia mbao hunywa unyevu ikafura, kisha upepo mkavu ukipita inasinyaa ghafla, na nyuzi zilizokazwa zinaimalizia. Alichukua wiki tatu na shilingi 120,000. Masharti yake nawapa kama alivyonipa: chombo kisikae ukuta wa nje wala karibu na dirisha. Kilale ndani ya boksi gumu, siyo mfuko. Usiku legeza nyuzi kidogo, hasa masika. Na usikitoe kwenye chumba chenye kiyoyozi cha hoteli ukakipeleka moja kwa moja barazani kwenye joto, kipumzishe kwanza kwenye boksi lake nusu saa. Wachoraji wanaotumia karatasi na wapiga picha wenye lenzi wananiambia kwao ni vilevile. Ukungu unaota ndani ya lenzi kabla hujajua.

Huyohuyo mzee ndiye aliyenielekeza kwa fundi wa chokaa, jirani yake wa zamani, ili aje auone ukuta. Fundi alikuja, akaugonga kwa fundo la kidole mahali mahali, akisikiliza. Palipolia bwabwa akachora alama kwa mkaa. Akanieleza jambo ambalo kila anayepanga Mji Mkongwe angepaswa kulijua kabla ya kutoa shilingi moja. Nyumba hizi zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene kama urefu wa mkono, na sakafu zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba ni virefu na vyembamba: upana wa chumba ni urefu wa boriti. Jiwe na chokaa vinakunywa maji na kuyatoa, mchana kutwa, usiku kucha. "Jiwe linapumua," alisema. "Ukilipiga lipu ya saruji umeliziba pua." Maji yakikosa pa kutokea yanabaki ndani, yanafika kwenye ncha ya boriti iliyofukiwa ukutani, boriti inaoza mahali ambapo hakuna jicho linaloona, na siku moja dari inashuka.

Nilimuuliza chumba changu kina muda gani. Aliangalia lile duara jeusi. "Kitanda kihamishe kutoka hapo leo," akasema.

Kwa hiyo ukienda kutazama chumba, nenda na subira. Kama unaweza kuja masika, njoo masika. Kama umekuja kiangazi, usidanganywe na rangi mpya: rangi mpya kwenye nyumba kuukuu ni swali, siyo jibu. Gonga ukuta. Tazama ule mkanda wa chini, futi tatu kutoka sakafuni, chumvi huanzia hapo. Inua macho kwenye ncha za boriti. Uliza tangi la maji liko wapi na linavujia wapi, maana maji ya bomba huja kwa saa zake, kila nyumba ina tangi juu, na tangi linalovuja linaua nyumba hata bila mvua. Panda mpaka paani uone mifereji. Halafu, baada ya yote hayo, ndipo ufungue dirisha utazame bahari.

Mwezi huohuo wa nne walikuja watu watatu kukagua nyumba, wakaniuliza mimi nani. Niliwaonyesha karatasi yangu. Wakatazamana. Nyumba ile ni ya wakfu, yaani mali iliyotengwa kwa ajili ya hisani, nao ndio waliokuwa wakiisimamia. Yule niliyemlipa alikuwa mpangaji tu, hana haki ya kumpangisha mwingine, seuze kuchukua kilemba. Nilimpigia simu mbele yao, ikaita bila kupokewa. Mpaka naandika hivi haijapokewa.

Nilikwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa, siku iliyofuata, miezi mitatu baada ya kuhamia. Sheha ni mtu wa kuonwa siku ya kwanza. Ndiye anayejua nani anaishi wapi, na barua yake itahitajika kwa mambo mengi. Alinisikiliza kwa upole, kisha akasema maneno ambayo yaliniuma kuliko kama angenigombeza: "Ungekuja kabla hujalipa, ningekwambia kwa dakika moja, bure."

Watu wa wakfu walinivumilia nikae mpaka Idi. Nashukuru kwa hilo, kwa kuwa wangeweza kunitoa palepale. Kilemba kilipotea chote, kodi ya mwezi mmoja na zaidi niliiacha, na udi ulinila 120,000. Dalali alisema yeye kazi yake ni kuonyesha tu. Nilikuwa na shilingi 310,000 zilizobaki duniani. Kwa mama yangu Mwanza sikusema neno, nikimpigia simu namwambia upepo wa huku ni mzuri.

Ramadhani ile, Mei 2019, ilikuwa ya kwanza kwangu kuishi mahali ambapo mji mzima unafunga. Najua wengi wa bara wana wasiwasi nayo, na wasiwasi hauhitajiki ukijua adabu zake. Usile wala usinywe hadharani mchana. Vaa kwa stara zaidi ya kawaida, mwanamke kanga au mtandio mabegani, mwanamume asitoke na kaptula. Haya nilikuwa nayajua. Nisilolijua ni kwamba na ngoma hunyamaza. Vikundi vya taarabu haviimbi mwezi huo. Mimi, wiki ya kwanza ya mfungo, saa tisa alasiri, nilikaa dirishani na udi uliotoka kwa fundi, nikapiga kwa furaha ya kuupata tena. Mtoto alipanda ngazi mbio: "Bibi anasema uwache sasa, mpaka mwezi uishe." Niliona aibu ikanipanda mpaka masikioni. Jioni nilipeleka tambi kwa Bi Mkubwa. Alizionja, akasema zimezidi sukari, akanikalisha kwenye mkeka nifuturu naye na wajukuu. Kuanzia usiku huo nilifuturu pale kila siku, nami Mkristo, na hakuna aliyenifanya nijione mgeni.

Ni kwenye mkeka ule, katika kumi la mwisho la Ramadhani, aliponiambia kwamba chumba cha chini nyumbani kwao kina magunia tu. Nyumba ni ya familia, hati ipo, na ndugu zake wawili waliitwa wakaulizwa mbele yangu. Shilingi 150,000 kwa mwezi, nalipa mwezi kwa mwezi, hakuna kilemba. Dirisha linatazama kichochoro. Bahari huioni kabisa, unaisikia tu usiku wa kusi maji yakijaa. Nilimshika mkono nikaubusu.

Nilihamia siku ya tatu baada ya Idi. Kabla ya hapo, nilipita barazani asubuhi, wakati muuza kahawa ameshaketi na dele lake la shaba, nikawaamkia wazee mmoja mmoja, nikajitambulisha kwa jina, kwetu, na nyumba ninayohamia. Sikukaa, baraza ile ni ya wanaume, lakini salamu haina mipaka. Tangu siku ile, nikirudi usiku umeme umekatika, kuna sauti gizani inasema "Pita, binti, njia safi," na vespa inayokuja nyuma inapigiwa kelele ipunguze mwendo. Mwanamke anayeishi peke yake Mji Mkongwe halindwi na kufuli. Analindwa na watu kujua jina lake.

Kuhusu kipato nitasema kwa ufupi. Mwaka ule wa kwanza nilipata kazi ya kupiga udi kwenye hoteli mbili wakati wa chakula cha jioni, 40,000 kwa usiku, Alhamisi na Jumamosi. Wasanii wengi wa hapa wanaishi hivyo, kwa mgeni wa leo. Mwishoni mwa 2019 chuo chenyewe kilitangaza hadharani kwamba fedha zinakaribia kuisha. Machi 2020 korona ikaja, ndege zikasimama, hoteli zikafungwa, kazi ikakatika kwa ujumbe mmoja wa simu. Mji ukawa kimya mpaka ukisikia mtu anakohoa Hurumzi unajua ni nani. Bi Mkubwa alisema kodi nilipe nusu mpaka Mungu atakapofungua. Usihamie hapa bila akiba ya miezi sita, wala usitegemee hoteli peke yake. Mimi nilifundisha watoto watatu wa mtaani gitaa kwa sahani ya wali, na sioni haya.

Desemba 25 mwaka huo ilikuwa Ijumaa. Nilisali Krismasi kwenye kanisa la Minara Miwili, nikarudi nyumbani kupika. Habari ilifika kwa mbio za miguu, kabla ya simu: Beit el-Ajaib imeanguka. Nilikwenda Forodhani na kanga ya jikoni. Lile jumba la mwaka 1883, la Sultani Barghash, la kwanza kuwashwa umeme Unguja, ubavu wake mzima ulikuwa umelala chini pamoja na mnara wa saa, na vumbi jeupe la chokaa limetanda juu ya majani ya bustani. Lilikuwa linafanyiwa matengenezo, na ndani mlikuwa na mafundi. Watu wawili walikufa. Tulisimama pale mpaka giza, wanaume waliovaa kanzu za Ijumaa na sisi tuliotoka kanisani, hakuna aliyesema kitu. Nilimwona fundi wa chokaa mbele yangu. Alikuwa ameinama, ameokota kipande cha lipu, anakivunja polepole kati ya vidole.

Mji huu umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na kila siku unapigwa picha maelfu kwa maelfu. Sina chuki na picha, mimi mwenyewe nilikuja kwa sababu ya picha. Lakini baada ya siku ile sijaweza tena kupita chini ya ukuta uliofura nikautazama kama pambo. Natazama mfereji umeziba wapi. Nikiona mti mchanga umeota juu ya paa la nyumba iliyofungwa, naanza kuuliza wenyewe ni nani, maana mzizi wake ukishaingia kwenye chokaa hautoki. Ukija kuishi hapa kama msanii, naomba sana ulibebe hilo nawe. Kabla hujachora mlango wa mtu, jua nyumba ile inahitaji nini.

Februari iliyofuata tuliamua kuubandua ukuta wa chumba changu, upande wa kichochoro, ambako mtu fulani zamani alipiga saruji. Bi Mkubwa alitoa fedha ya chokaa, mimi nikatoa mikono na chakula cha mafundi. Siku nne tulibandua, chumvi ikimwagika kama unga wa sembe, mpaka tukafika kwenye jiwe. Fundi alitaka liachwe wazi wiki mbili lipumue. Halafu akapaka tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikingojewa, magunia yaliyoloweshwa yamening'inizwa mbele yake ili isikauke haraka ikapasuka. Kazi ya saruji ingekwisha kwa siku mbili. Hii ilichukua mwezi na nusu, na gharama ilikuwa karibu mara mbili. Nilikuwa nalala katikati ya chumba, boksi la udi miguuni.

Jioni ya tabaka la mwisho nilikaa nje kwenye ngazi, mikono imebabuka kwa chokaa, nikajaribu bashrafu niliyoiacha siku ile ya ufa. Kikapu kilishuka taratibu mbele ya uso wangu, kikagonga ukuta mbichi kidogo, kikatulia. Ndani mlikuwa na kashata mbili kwenye karatasi na chupa ndogo ya mafuta ya nazi kwa ajili ya mikono.

"Uzi wa tatu umelegea, mwanangu," sauti ikasema kutoka juu. "Ukaze, uanze tena."